Waya Uliokataa Sumaku

Bagamoyo, enzi za Mwingereza, ukimwambia Mwinyimvua mhunzi kwamba chuma chako kizuri, hakukujibu. Alitoa sumaku mfukoni, aliyoing'oa kwenye injini ya lori bovu, akaigusisha. Ikinasa, chuma. Isiponasa, beba takataka yako uende zako. Kuanzia Kaole mpaka Miono watu waliipokea hukumu ile kama ya kadhi, na mwenyewe, tuseme kweli, alijisikia. Na kwa nini asijisikie? Watu walirithishana mapanga yake.

Mwaka wa hamsini na mbili akaja Bi Mwanvita, mjane mwenye mashamba ya chumvi kule Nunge. Springi ya bomba lake la kuvutia maji ya bahari ililiwa na kutu kila baada ya miezi miwili, na safari hii ilikuwa imekatika vipande. Bamvua, yale maji makuu ya bahari, lilibakiza siku tatu. Maji yasipopandishwa bamvua hilo, msimu wake umekwenda arijojo, na watoto wanne nyumbani wanamtazama yeye. Mkononi alishika waya unaong'aa, mnene kama penseli.

"Rajabali wa dukani ameniapia hauliwi na kutu, fundi. Anasema ni chuma kilichochanganywa na kromi."

Sumaku ikagusishwa. Ikateleza kama imegusishwa kwenye kuni.

"Bibi, umeuziwa bati," akasema Mwinyimvua, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. "Hiki si chuma."

"Sikuja kuuliza jina lake. Nimekuja unipindie springi."

Akaupokea kwa dharau, akaufanya alivyofunzwa na marehemu baba yake: akautia motoni mpaka ukawa mwekundu, akauzungusha kwenye nondo, akauchovya kwenye mafuta ya nazi upate ugumu. Springi ikatoka nzuri ya kutazama. Akaikandamiza kwa kiganja. Ikalala palepale, haikuinuka.

Hapo angesema, si niliwaambia? Lakini Bi Mwanvita alikuwa amekaa kwenye gogo, anajifuta uso kwa pindo la kanga. Waya uliobaki ulitosha springi moja tu.

Dija, mkewe, aliyekuwa akivukuta moto, akaachia mvukuto. "Umesema si chuma, mume wangu, kisha umekichoma kama chuma. Tushike lipi?"

Neno hilo lilimwingia. Kwa hasira akaokota kipande cha ncha ya waya ambacho hakikutiwa motoni, baridi, akakiweka juu ya fuawe na kukitwanga. Mapigo ya mwanzo kilibonyea. Baadaye nyundo ikaanza kumrudia mkononi. Akajaribu kukipinda, kikafyatuka kikampiga kifundo cha mkono. Akakitazama, kisha taratibu akatoa sumaku. Ikanasa. Kwa unyonge, lakini ikanasa.

Mwinyimvua akakaa chini. Waya uleule, sumaku ileile. Nyundo ndiyo iliyoutia waya ugumu, na pamoja na ugumu ukaingia mvuto. Moto, aliouamini tangu utotoni, ndio uliokuwa ukiulegeza.

"Zima moto," akasema.

Dija alidhani hakusikia vizuri. Miaka ishirini ya ndoa hajapata kuambiwa hivyo mchana kweupe. Wakautwanga waya ukiwa baridi, kisha wakaukaza kwenye nondo, mke anazungusha nondo, mume anavuta kwa koleo, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Siku ya pili alasiri akaikandamiza springi mpya. Ikamsukuma mkono juu.

Mhunzi akaenda Nunge kuitia springi bombani, na bamvua likaja. Bi Mwanvita akashika mpini, bomba likavuta, maji yakapanda na kutandaa mashambani. Wachota chumvi wakamzunguka mhunzi kumpongeza.

"Subirini," akasema. "Mimi ndiye niliyetangaza kwamba ni bati. Nilikosea, na bibi huyu alikuwa karibu kupoteza msimu kwa neno langu."

Watu wakatazamana, neno hilo hawajapata kulisikia kinywani mwake. Bi Mwanvita akampisha mpini. Mwinyimvua akapiga bomba, akaisikia springi ikimrudishia mkono kila mara, na kifua kikamjaa fahari ambayo hakuwahi kuijua. Kazi zote za nyuma alizifanya kwa elimu ya baba yake. Hii ilikuwa yake mwenyewe.