Laini ya Jirani Yangu

Chifu wetu hapa Tuwan, Kitale, alitaka mzee mpya wa mtaa, akasema kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Tulikuwa wawili, mimi na jirani yangu. Ploti zetu zinatoshana, ila yake ameijaza vyumba vya kupangisha mpaka kwenye ua. Yangu ina nyumba moja na mahindi.

Wapangaji wake walimiminika hadi laini ikapinda kona. Nyuma yangu alisimama mke wangu, na shemeji aliyetutembelea kutoka Kimilili.

"Huyo mgeni atoke," chifu akasema.

Jirani alinigeukia, mikono mfukoni. "Si nilikuambia ujenge, bana?"

Msomaji, mimi si mtu wa wivu. Nilirudi tu nyumbani, nikahesabu mahindi yangu laini kwa laini. Ningemshinda mbali.