Saa Mbovu

Ilianza Ijumaa ya mwisho ya Agosti, saa kumi na dakika ishirini za jioni. Dakika nazijua kwa sababu mimi huangalia saa kila mara, hata nikiwa sina pa kwenda, na ukinivumilia kidogo utajua ni kwa nini.

Tulikuwa tunafungasha. Mama amepata kazi katika jiko la hospitali huko Coon Rapids, kwa hiyo tunahama Hopkins, kitongoji cha Minneapolis, na nyumba ilikuwa imejaa maboksi hata pa kukanyaga hakuna. Yeye alikuwa jikoni akivingirisha vikombe kwa leso kuukuu. Mimi aliniambia nipande kiti niteremshe kila kilicho juu ya kabati la nguo. Huko juu, nyuma ya mablanketi ya baridi, nikalikuta begi la bluu.

Nililijua kabla sijaligusa. Lina zipu iliyong'oka ambayo baba aliifunga kwa kipande cha waya. Nikaketi nalo sakafuni, nikaingiza pua ndani. Unaweza kunicheka, lakini baada ya miaka minane bado lilikuwa na harufu: unyevu, sabuni ya unga, na kitu kitamu kama maziwa mazito ya kopo. Ilikuwa harufu ya Thailand. Nikainua kichwa pale sakafuni kama mtu aliyeitwa jina.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa na kibanda cha nguo katika soko la Wasomali mjini Minneapolis, na kabla ya kufungua kibanda alikuwa akipakia mizigo ghalani huko Eagan tangu alfajiri. Nyumbani alikuwa mtu wa kulala kwenye kochi na viatu miguuni. Akasema anakwenda Thailand kuleta bidhaa mwenyewe, na kwa kuwa skuli zimefungwa na mama ana shifti mbili, atanichukua mimi. Wiki tatu. Mama alilirudia neno hilo uwanja wa ndege, huku akinifunga kamba za viatu ambazo nilijua kuzifunga: wiki tatu, mtoto ana skuli.

Bangkok tulinunua nguo siku nne tu. Madera, mitandio, suruali za watoto, vyote vikafungwa kwenye magunia vikasafirishwa. Nikadhani tumemaliza. Kumbe ndiyo kwanza tunaanza. Tukapanda basi kwenda kaskazini, tukashuka mji ambao jina lake baba hakuweza kulitamka, tukakaa siku tatu, tukapanda jingine. Nikimuuliza tunakwenda wapi, alikuwa na jibu moja: "Twende tukaone." Na kweli tuliona. Tuliona mvua inayoanguka bila kutangulizwa na mawingu. Tulikunywa chai ya barafu iliyotiwa kwenye mfuko wa plastiki, mrija umechomekwa, mfuko unaning'inia kidoleni kwa mpira. Tulikula wali wa kunata kwa mkono, tukiufinyanga vidonge, na baba akaniambia watu wanaokula kwa mkono ni watu wetu hawa, usiogope kitu. Usiku kulikuwa na mjusi mkubwa ukutani anayeita jina lake mwenyewe, na baba alikuwa akimhesabia: akiita mara saba, kesho kuna bahati. Mimi nililala kabla ya mara ya nne.

Kazi yangu ilikuwa kufua. Kila jioni nilifua mashati yake mawili na magauni yangu mawili kwenye beseni la nyumba ya wageni, nikayaanika dirishani. Kazi ya pili ilikuwa kubeba pasipoti, ndani ya kifuko shingoni, chini ya gauni. Baba aliniita karani wake. Alinisuka nywele, vibaya sana, akiimba. Nyumbani sikuwahi kumsikia akiimba. Nakwambia ukweli ambao sijamwambia mtu: sijawahi kuwa na furaha kama ile, kabla wala baada.

Wiki ya tatu tulikuwa kusini, Hat Yai, karibu na mpaka wa Malaysia. Mbele ya nyumba ya wageni palikuwa na mama mmoja Mwislamu aliyekuwa akiuza roti asubuhi. Alikuwa akiurusha unga hewani ukafunguka kama leso, akaulaza juu ya chuma, yai ndani, maziwa ya kopo juu. Alinipa salamu ya kwetu, asalamu alaikum, na baada ya hapo nikawa sibanduki kwake. Hatukuwa na lugha. Alikuwa akinifinya shavu, nami nilikuwa nikimkatia karatasi za kufungia.

Siku ile baba aliamka mapema, akasema leo ndiyo leo, tunakwenda Bangkok, ndege ya nyumbani ni kesho. Ila kwanza ana mtu wa vitambaa wa kuonana naye. Akaniacha kwa mama wa roti na begi hili la bluu. "Saa tatu nataka nikukute umesimama pale kituoni," akasema, akionyesha ng'ambo ya barabara. "Saa tatu, sawa?" Nikamwambia sawa.

Sasa nisikilize hapa, maana maisha yangu yamekaa katika neno hili. Sisi tuliozaliwa huku, Kiswahili chetu ni cha jikoni. Tunasoma namba kwenye simu kisha tunaitia Kiswahili vilevile ilivyo. Ikiandika tatu, ni saa tatu. Skuli yangu ilikuwa ikifungwa saa tatu mchana, na mama kwa uchovu alikuwa ameacha kunisahihisha. Kwa hiyo niliposikia saa tatu, niliona nina siku nzima. Mama wa roti alipofunga kibanda nikamfuata kwake, nikamsaidia kumenya vitunguu, nikacheza na paka wake. Baba alinikuta huko karibu na adhuhuri, shati limemganda mgongoni. Basi lilikuwa limekwenda.

Hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Mama wa roti akajaribu kunitetea kwa vidole na vineno vya Kiingereza, na katika kubabaika kwao ikajulikana kwamba hata Wathai wana hesabu kama yetu: jua likizama, saa yetu moja ni moja kwao, mbili ni mbili. Baba akacheka mpaka akashika ukuta. "Unaona? Hata Mthai anaijua saa ya Kiswahili. Mswahili mwenyewe haijui."

Halafu akampigia simu mama yangu. Nilikuwa nimesimama pembeni na kifuko changu cha pasipoti. "Mtoto kakosa saa," akamwambia. "Ndege itatuacha, na nafasi nyingine haipatikani hivi karibuni." Mama akaomba kuzungumza nami. Akaniuliza niliambiwa nisimame wapi. Nikamwambia samahani, kwa Kiingereza, na ndipo nikamsikia mama yangu akilia kwa mara ya kwanza.

Nafasi ilikuja kupatikana Septemba. Wiki zote zile tuliendelea kuona. Tulivuka mpaka asubuhi tukarudi jioni, pasipoti zigongwe muhuri upya. Tuliona maporomoko ya maji, na baba akanifundisha kuelea chali. Darasa la nne lilianza bila mimi. Nami wakati wote nilikuwa na furaha yangu niliyoificha, nikijua nimemwibia mama.

Tuliporudi, hadithi ilikuwa imeshatutangulia. Baba alikuwa ameniita Saa Mbovu, kwa mzaha, na mzaha ukavuka bahari. Nyanya akipiga simu kutoka Mombasa huuliza Saa Mbovu yuko wapi. Kwenye harusi ya shangazi, watu ambao sijawahi kuwaona walinikumbatia wakicheka, ndiye huyu aliyeachwa na ndege? Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Nilitabasamu. Mimi ni mtu wa kutabasamu, si wa kusema.

Miezi minne baadaye baba alirudi Thailand peke yake, na mpaka leo yuko huko, ana duka. Mama hakusema ni kwa sababu yangu. Ila nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilichelewa maktaba, akanipokea mlangoni. "Wewe na saa! Kwani kukosa saa kwako kumetufikisha wapi?" Baadaye aliniletea chai ya maziwa kitandani na hatukulizungumza tena. Lakini tangu hapo, akiniuliza saa nami nikamjibu, huchukua simu yake akahakikisha.

Basi, ndani ya begi, katika mfuko wa ubavuni, palikuwa na pasipoti yangu ya utotoni na karatasi iliyokunjwa mara nne. Tiketi. Ilikatwa mwezi wa Mei, kabla hatujaondoka, majina yetu mawili, langu na la baba. Kuondoka, Julai mbili. Kurudi, Septemba kumi na tisa. Nikafungua pasipoti nitazame muhuri wa kuingia nyumbani. Septemba kumi na tisa.

Niliisoma mara tatu. Haikuwapo ndege ya kesho yake. Haikuwapo ndege iliyotuacha. Tulirudi siku ileile aliyoikatia tiketi yeye tangu mwanzo, na kile alichokihitaji njiani kilikuwa sababu ya kumpa mama, nami nikampa, nimesimama kati ya vitunguu na paka. Miaka minane nimejifunza kufika kila mahali nusu saa kabla.

Unajua kinachoniuma? Si uongo wenyewe. Ni kwamba zile wiki zilikuwa zangu. Nilikuwa nikizitoa kwa siri, moja moja: chai ya mfuko, mjusi, mikono ya baba chini ya mgongo wangu majini akisema usikaze shingo. Sasa nikizitazama, naona mtu anayetafuta pa kuishi, na mtoto aliyembeba kama kisingizio. Sijui kama alikuwa akiimba kwa ajili yangu au kwa sababu alishaamua kutuacha. Harufu ile ya begi, nilipoinusa tena kabla ya kulala, ilikuwa unyevu tu.

Asubuhi, Jumamosi, baba alipiga kama kila Jumamosi. Majira ya joto sisi na wao tumepishana saa kumi na mbili kamili, kwa hiyo saa tatu yangu ya asubuhi ni saa tatu yake ya usiku, na hilo humchekesha kila wiki. "Saa Mbovu, umeamka?"

Nikamwambia, "Baba, nimeiona tiketi."

Hakuuliza tiketi gani. Nikasikia feni ikizunguka kwake. Halafu akasema, "Nani kakupa?"

Niliikunjua ile karatasi gotini. Akasema nilikuwa mdogo, nisingeelewa. Nilitaka kumwambia ndiyo maana alinichagua mimi, lakini maneno hayo nimeyapata sasa hivi ninapoandika. Nilichomwambia ni kwamba ninalo jina langu. Nikakata. 

Mama alikuwa sebuleni akifunga boksi kwa utepe wa gundi. Nikampa karatasi na pasipoti, nikamwonyesha kwa kidole, tarehe na tarehe. Alisoma taratibu, midomo ikisogea. Akaketi juu ya boksi la vyombo, likabonyea. Mkono wake ukapanda ukanishika kichwani, ukakaa hapo, mzito, bila kupapasa.

Baada ya muda, akiwa bado anaitazama karatasi, akaniuliza, "Saa ngapi sasa?"

"Saa tatu na robo," nikamwambia.

Simu yake ilikuwa pale pale, juu ya paja. Hakuitazama.