Gari la matangazo la Fritzner lavuka reli

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Fritzner Altidor anasimamisha gari lake hatua chache kabla ya reli na kuzima injini. Juu ya paa kuna vipaza sauti viwili vilivyofungwa kwa mkanda wa nailoni. Kwenye kiti cha mbele amekaa mgombea udiwani, wakili Jephté Marcelin, shati limeshaanza kumlowa mgongoni.

"Ukitaka kushuka, shuka sasa," Fritzner anamwambia. "Tukishavuka, hakuna kushuka."

"Mjomba, mbona unanitisha kama unanipeleka kwa daktari wa meno?"

"Kwa daktari wa meno ni afadhali. Pale wewe unafungua mdomo tu, kazi anafanya mwingine."

Gari hili lina miaka kumi na tisa barabarani katika mji huu mdogo wa kaskazini mwa Miami, na halijawahi kuvuka reli. Upande wa huku ndiko tunakokaa Wahaiti. Ng'ambo kuna nyumba zenye bustani za nyasi zilizokatwa vizuri na watu wanaozungumza Kiingereza, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba huko nako kuna mtu wa kutangaziwa kitu.

Fritzner ana miaka hamsini na minane. Jumatatu hadi Ijumaa hufua mashuka katika hoteli moja ya ufukweni, kwa dola kumi na nne kwa saa. Mwisho wa wiki hutangaza misiba, harambee za makanisa na matamasha, yote kwa Kikrioli, lugha yetu ya Haiti. Tangazo la msiba ni dola sitini. Lakini msimu wa uchaguzi mgombea mmoja hulipa dola mia mbili kwa siku, na ndizo zilizomsomesha binti yake, Naïka, hadi akawa muuguzi.

Kila uchaguzi unapokaribia, mji huu hurudia ugomvi ule ule. Wapo wanaosema anayepiga kura hapa ahutubiwe kwa Kiingereza, basi. Wanaichukia sauti ya gari la Fritzner kama watu wanavyomchukia jogoo wa jirani.

Roselaine Dorvil, anayeuza maparachichi na samaki wa chumvi kwenye soko la Jumamosi, hana subira na maneno hayo. "Kiingereza changu ni cha 'bei gani' na 'asante' tu," anasema. "Anayetaka kura yangu aje na lugha ninayoielewa. Mbona bili ya maji inanijia na Kikrioli? Kwenye kudai wananijua, kwenye kuomba wananisahau?"

Naïka, ambaye Roselaine ndiye mama yake wa ubatizo, hakubaliani naye. Amezaliwa hapa, na anawajua wagombea kwa lugha zao zote.

"Wakija kwetu na Kikrioli, kule wakaenda na Kiingereza, wanakuwa watu wawili," anasema. "Waseme Kiingereza tu, sote tusikie kitu kimoja."

"Sote nani?" baba yake anamkata. "Mama yako hasikii. Roselaine hasikii. Utabaki wewe na televisheni."

Ubishi huu kwa Fritzner si wa kujifurahisha. Umemgharimu.

Miaka minne iliyopita alimfanyia kazi mgombea mmoja wa udiwani, Bi Karen Wexley. Wakati huo akina mama wa soko la Jumamosi walikuwa wakiuza katika uwanja wa nyuma ya duka kubwa lililofungwa, na kulikuwa na uvumi kwamba watafukuzwa. Ofisi ya kampeni ilimletea maneno ya kusoma: Bi Wexley akichaguliwa, soko halitaguswa. Fritzner akayasoma mitaa yote kwa wiki tatu. Na kila mwisho wa tangazo aliweka saini yake, kama anavyofanya siku zote: "Ni mimi Fritzner Altidor ninayekwambia."

Desturi hiyo ameitoa Port-de-Paix, kule Haiti alikokulia, ambako mtangazaji asiyejitaja jina huonekana ana la kuficha. Kwenye msiba inafaa sana. Watu hujua ni nani wa kumuuliza mazishi ni saa ngapi. Ila ahadi ya mwanasiasa si msiba, na Fritzner aliitia jina lake bila kufikiri.

Bi Wexley alishinda. Mwaka haujaisha, uwanja ukazungushiwa uzio. Ndipo Naïka akaikuta kwenye mtandao video ya mkutano wa wenye nyumba wa ng'ambo ya reli, uliofanyika wiki zile zile za kampeni. Bi Wexley alikuwa amewaahidi, kwa Kiingereza safi, kwamba uwanja ule "utasafishwa". Watu walipiga makofi.

Fritzner aliitazama video hiyo mara mbili, jikoni, akiwa amesimama. "Niliona aibu hadi masikio yakawaka," anasema. "Yule mama kule alisema kweli. Uongo aliniachia mimi niusambaze."

Asubuhi yake Roselaine alifika getini. Hakuingia ndani. "Mimi huyo mama sijawahi kumsikia," alisema. "Niliyemsikia ni wewe, baba Naïka." Akaondoka. Hawakusemezana tena kwa miaka mitatu, watu waliokuwa wakila pamoja kila Jumapili. Siku ya mahafali ya Naïka, kila mmoja alikaa upande wake wa ukumbi.

Mtaa nao haukumhurumia. Alipotangaza kifo cha fundi viatu mmoja, vijana pale kwa kinyozi walisema wangoje kwanza waone jeneza, maana aliyesema ni Fritzner. Utani huo ulizunguka hadi kanisani. Misiba ikaanza kwenda kwa mtangazaji mwingine, kijana mwenye sauti nyembamba ambaye, kusema haki, hana kipaji.

Baada ya kuhangaika, akina mama walipata hifadhi katika uwanja wa kanisa la Wabaptisti. Sasa hapo napo hakuna amani. Baraza la mji litapiga kura mwaka ujao kuamua kama biashara ya uwanjani ipigwe marufuku kabisa. Kura ya diwani wa kata hii, iliyo pande zote mbili za reli, ndiyo itakayoamua mambo, na akina mama hawana pengine pa kwenda.

Kwa hiyo mwaka huu wagombea walipomfuata, Fritzner aliwapa sharti. Ahadi yoyote ataitangaza kwa Kikrioli ikiwa mgombea mwenyewe amekaa kwenye kiti cha mbele, ameisema kwa mdomo wake kwa Kiingereza, na ameisema pande zote mbili za reli. Fritzner atatafsiri, na jina lake halitasikika.

Mtu wa Bi Wexley, ambaye anagombea tena, alimpigia simu akamwambia atalipwa mara mbili kama ataacha masharti. "Nikamwambia bei haijapanda," Fritzner anasema. "Kilichopanda ni kazi ya bosi wake." Simu ikakatwa. Mkewe hakuongea naye hadi jioni, kwa sababu gari linataka giaboksi mpya na fedha hizo walikuwa wameshazipangia matumizi.

Marcelin alikubali. Ana miaka thelathini na sita, wazazi wake ni wa Gonaïves, Haiti, na Kikrioli chake kinawachekesha bibi zetu. Lakini kukubali ofisini ni jambo moja na kuvuka reli ni jambo jingine.

Fritzner anawasha injini. Gari linaruka vyuma viwili na kuingia mtaa wenye kivuli. Marcelin anashika kipaza sauti, anakohoa, anajitambulisha, kisha anaanza kwa Kiingereza: barabara salama, shule nzuri, taa za mitaani. Fritzner anatafsiri neno kwa neno. Ni Kikrioli cha sauti kubwa katika mtaa usio na Mhaiti, isipokuwa mlezi mmoja anayesukuma mzee kwenye kiti cha magurudumu. Mama huyo anasimama, anatazama huku na huku, kisha anainua mkono.

Wanafika mwisho wa mtaa wa pili. Fritzner anakanyaga breki katikati ya barabara.

"Mbona umesimama, mjomba?"

"Soko liko wapi?"

"Tutalifikia."

"Tumeshalifikia. Ndipo hapa."

Watu wameanza kutoka kwenye varanda zao. Marcelin anakunywa maji, chupa yote. Kwa muda mrefu hasemi kitu, na Fritzner, ambaye ameishi kwa kuongea, naye hasemi. Kisha kijana anainua kipaza sauti na kusema, kwa Kiingereza, kwamba akichaguliwa atapiga kura soko la Jumamosi la akina mama libaki kwenye uwanja wa kanisa. Anasema ni yeye, Jephté Marcelin, anayeahidi.

Mzee mmoja mwenye kofia ya jua anasogea hadi dirishani. Anauliza kama amesikia sawasawa. Anaambiwa ndiyo.

"Basi sikupi kura yangu," anasema. "Magari yao yanaziba barabara. Lakini umeniambia usoni, na hilo nakushukuru."

Gari linaondoka. Marcelin anajifuta uso kwa tai.

"Umenikosesha kura, mjomba."

"Hukuwa nayo. Ulikuwa umeikopa."

Saa sita wako kwenye uwanja wa kanisa. Marcelin anarudia maneno yale yale, na safari hii kuna vigelegele, ingawa si vya wote. Akina mama hawa wameshapewa ahadi tamu zaidi ya hii. Mgombea anapozunguka kusalimia watu, Fritzner anakwenda moja kwa moja hadi meza ya Roselaine na kuweka simu katikati ya maparachichi. Amerekodi safari yote. Roselaine anafunika samaki wake kwa kitambaa, anainama na kusikiliza: Kiingereza, Kikrioli, yule mzee, na ukimya ule mrefu.

"Kwa nini alinyamaza hapo?" anauliza. Ni mara yake ya kwanza kumuuliza kitu baada ya miaka mitatu.

"Aliogopa."

"Halafu akasema?"

"Akasema."

Roselaine anapanga upya maparachichi ambayo hayakuwa na kasoro yoyote. "Na akishinda akageuka?"

Fritzner hilo ameshalifikiria. Marcelin akigeuka, anasema, kila Jumamosi ataliegesha gari mbele ya ukumbi wa mji na kuicheza rekodi hii kwa sauti yote, kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kikrioli, hadi muhula wa diwani uishe. Kibali ameshakiulizia. Kinachomtia wasiwasi ni giaboksi.

"Waniite kelele," anasema. "Sasa nitakuwa kelele wanayoielewa wote."

Roselaine hacheki. Anachagua parachichi moja lililoiva, analibonyeza kwa kidole gumba, analifunga kwenye gazeti na kumpa bila kutaja bei.

"Siku hiyo usiende peke yako, baba Naïka," anasema. "Utanipitia. Nitakaa mbele."