Upande wa Chenga

Kama kinyongo kingekuwa kinanenepesha, fundi vioo angekuwa hapiti mlangoni. Alikuwa mwembamba kama ufito, lakini aliyofanyiwa na kaka yake alikuwa nayo bado, mazima, hayajapungua hata chembe. Kaka alimtuhumu kuiba kisu cha almasi cha kukatia vioo katika karakana waliyoachiwa na baba yao. Angemuuliza ndani, wangemalizana kama ndugu. Hapana. Alimtoa nje hadi barabarani, akamvua shati, kisha suruali, akampekua mbele ya wateja na wapita njia. Kisu hakikuonekana. Kaka hakuomba radhi. Alirudi ndani akafunga mlango.

"Mwanangu, muungwana akivuliwa nguo huchutama," mama alimwambia siku ile. "Mwachie Mungu."

Akachutama. Lakini anayechutama macho hayafumbi, na fundi alikaa akitazama tu, akingoja zamu ya kaka ya kuvuliwa. Mama alipopatwa na kiharusi alipelekwa kwa dada yao, mji mwingine, na tangu hapo ndugu hawa wawili hawakuwa na wa kuwapatanisha.

Basi mwashi mmoja akamwita aje kuweka vioo kwenye nyumba iliyokuwa inakarabatiwa. Fundi aliingia sebuleni akaona picha ya kaka ukutani, akajua nyumba ni ya nani. Kwanza alitamani kuitemea mate. Kisha akatabasamu, akauliza kazi inaanzia wapi.

Ilianzia bafuni. Bafu lilikuwa chini, limetazama kichochoro ambako fundi viatu na wenzake hukaa kwenye benchi jioni kuwasema watu. Dirisha lilikuwa la chini, na bomba la maji ubavuni mwake. Ukutani kulikuwa na chuma kipya cha kushikia.

"Hicho cha nini?"

"Mimi nimeambiwa nifunge tu," mwashi akajibu. "Mwenye kuoga asiteleze."

"Kitambi kimemzidi huyo," fundi akasema, wakacheka.

Kioo cha bafuni hakizuii mwanga, kinauvuruga. Upande wake mmoja umepigwa mchanga ukawa na chenga, na mwanga ukifika hapo hujikwaa, ukatawanyika huku na huku, kila mwale na njia yake. Aliye nje huona weupe, haoni mtu. Lakini ulowanishe upande ule wa chenga: maji hujaza vishimo, uso unakuwa laini, na mwanga unapita moja kwa moja kama mwenye nyumba. Ndiyo maana fundi mwenye akili zake huelekeza chenga nje, chini ya upenu, maji yasikofika. Fundi wetu alikuwa na akili zake zote. Akaelekeza chenga ndani.

Alikaza kioo, akafuta alama za vidole, akaondoka akipiga mluzi. Kaka akioga, mtaa utaoga naye.

Aliposikia watu wameshahamia, alikwenda jioni kwa fundi viatu, akasogezewa nafasi kwenye benchi.

"Leo mtaona sinema ya bure," aliwaambia.

Taa ya bafuni ikawaka. Kioo kikawa cheupe, na nyuma yake kikasimama kivuli kipana. Moyo wa fundi ulimdunda kwa furaha. Ndiyo, furaha, tusidanganyane. Alijiona tena pale barabarani na kaptura yake ya ndani, akasema kimoyomoyo, haya kaka, onja na wewe.

Maji yakarukia kioo. Weupe ukaanza kufutika kutoka chini, na kile kivuli kipana kikagawanyika, kikawa watu wawili. Kaka alikuwa na nguo zake zote, mikono ya shati imekunjwa, jasho linamtoka. Mbele yake, juu ya kigoda, alikuwa mama, mgongo wazi, mifupa inahesabika, mkono wake mzima umeng'ang'ania kile chuma. Kaka alikuwa akimmwagia maji taratibu kwa kata, na kwa kiganja kingine amemkinga macho yasiingie sabuni. Hakuna aliyemwambia fundi kwamba mama amehamishiwa huku. Nani angemwambia?

"Kumbe sinema yenyewe ni bibi kizee," mmoja wa benchini akasema, na wengine wakacheka.

Fundi alimchukia yule mtu. Alimchukia kaka kwa kumficha mama, na zaidi kwa kuwa na upole ule wote siku zote hizi bila yeye kuonjeshwa hata kidogo. Kisha akajichukia mwenyewe. Alivuka kichochoro mbio, akaubandika mgongo wake kwenye kioo, akatanua mikono.

"Geukeni kule," akawaambia watu wa benchi. "Geukeni, nimesema."

Juu ya dirisha kulikuwa na tundu la hewa, na sauti zilipita bila shida.

"Nani hapo?" kaka akafoka. "Toka dirishani kabla sijaja na rungu."

Fundi akazidi kujikandamiza kiooni. Kuondoka hakuwezi, maana akibandua mgongo tu, mama ataonekana na mtaa mzima. Alisikia kata ikiwekwa sakafuni, na nyayo za kaka zikielekea mlangoni.

"Mwache," mama akasema, maneno yakimtoka kwa shida. "Ni mdogo wako huyo. Mgongo huo nimeuosha mimi."