Miramula Niliyopanda Bustanini

Shida ilinianza mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na minne. Baba alikuwa amefariki, nami nikaacha darasa la nne huko Muleba nikaenda kubeba magunia ya buni. Hakuna aliyenishika mkono, na msije mkasema yupo. Nilibeba mpaka bega likaota sugu, ndipo nikapewa geti la ghala.

Siku ya kwanza pale getini, Msimamizi wa Ghala aliniambia, "Laurenti, gari halina akili. Aliye ndani ndiye mwenye akili, na akili yake yote ni kukupita."

Geti lilikuwa boriti ndefu, mwisho mmoja umefungiwa jiwe la uzani ili mtu mmoja aweze kuinyanyua. Jiwe likiwa jepesi, boriti inakuvunja mgongo. Likizidi uzito, inajifungua yenyewe dereva akakucheka. Niliujua uzani wake kwa mkono tu, bila mizani. Vijana wa siku hizi wanabonyeza kitufe na bado wanapitwa.

Baadaye nikaitwa Bukoba, kwenye bustani kubwa ya mji kule ziwani. Enzi hizo magari yaliingia yapendavyo. Watu waliyaoshea juu ya majani, oili ikatiririka ziwani, na kina mama wa Hamugembe wakitandika mikeka Jumapili walipigiwa honi wahame. Siku moja pikapu ikirudi nyuma ilimvunja mguu mtoto wa mtaa wa Nshambya. Ndipo ikatoka amri kwamba gari lolote lisiingie, nami nikafunga getini boriti kama ile ya ghala.

"Hata langu, Ta Laurenti," alisema Bwana Bustani, mkubwa wangu, akiniita Ta, heshima yetu Wahaya.

Wiki ya pili akaja na gari, amebeba wageni. "Hunijui mimi?"

"Nakujua, bwana. Ndiyo maana nakuomba ushuke." Akashuka, wageni wakacheka.

Madereva walinitukana. "Mzee, bustani hii ya baba yako?" Nami nawajibu, "Ingekuwa ya baba yangu ungeshakula fimbo."

Lakini geti humzuia anayepita getini. Wajanja walizunguka pembeni, kwenye njia ya zamani ya magari iliyopita ndani ya bustani, kando ya nyumba ya wageni ya jirani. Niliomba nguzo za zege zizibe upande ule wote. Zikaja mbili, nikafunga mnyororo katikati yake, wakaukata. Basi nikatumia kichwa changu. Nilikwenda Kanazi nikakata vipande vya miramula, nikavipanda kwa mstari, ukingo wa ndani wa ile njia.

Kwa asiye Mhaya nieleze. Muramula ni mti mwembamba wa majani marefu, ukichomeka kipande tu unashika. Sisi tunaupanda mipakani, na anayeung'oa anatafuta ugomvi na ukoo mzima. Madereva waliozoea kukata mnyororo wangu walifika pale, wakatazama, wakarudi kinyumenyume. Miaka mingi halikupita gari. Bwana Bustani akasema, "Hukusoma, lakini umewashinda wahandisi." Nilivimba kichwa, sifichi.

Nje ya mstari wangu ilibaki njia yenyewe, na ng'ambo yake miti ya kivuli, hatua kama ishirini hadi ukuta wa jirani. Yote ni bustani. Yule jirani mwenye nyumba ya wageni kila asubuhi alinipungia mkono, "Ta Laurenti, miramula yako imependeza!" Nikashukuru, mjinga mimi.

Siku moja akafungua shauri kwamba ardhi yake inafika kwenye miramula. Bikoni, lile jiwe la wapima ardhi, lilishafukiwa na kifusi, hakuna aliyelipata. Wazee wa shauri wakaja kusimama pale pale.

"Nani alipanda hii?" mkubwa wao akauliza.

"Mimi. Niliipanda kuzuia magari."

"Ee Laurenti! Wewe Mhaya wa wapi? Muramula hauzuii gari, unagawa ardhi. Jirani alikuona ukipanda?"

"Aliniona."

"Mkanyamaza wote wawili, miaka yote hii?"

Nikamgeukia mkubwa wangu. Bwana Bustani alikuwa amenigeuzia kisogo, anatazama ziwa.

Jirani akapewa. Miti ya kivuli akaikata, akamwaga kokoto, akafanya maegesho ya magari. Wenye magari yao pale wakaona taabu kuzunguka kwa miguu, wakaomba wafunguliwe, na boriti yangu ikang'olewa. Leo gari linafika mpaka majini. Kina mama hawatandiki tena. Nguzo za zege zingevunjwa, sawa, lakini zisingempa mtu ardhi. Kosa lile hakulifanya msomi yeyote. Nililifanya mimi, kwa akili niliyojivunia.

Nilistaafu nikiwa na miaka sitini. Leo nina kibanja cha migomba na buni Muleba, nyumba ya bati ya vyumba vitatu, ng'ombe mmoja wa maziwa, baiskeli na redio. Nina pia cheti chenye muhuri, kinanishukuru kwa kulinda mipaka ya bustani ya mji. Mke wangu amekitundika sebuleni. Kiti changu nimekigeuza, nakaa nikiwa nimekipa cheti hicho mgongo.