Nilirudi Motoni Kufuata Buibui

Bismillahi. Nisikizani, mafundi. Mumeniita niseme kuhusu hiki kituo cha zimamoto mnachotaka kujenga hapa Lamu. Kusoma sikusoma, hizo ramani zenu kwangu ni nyayo za kuku. Lakini moto naujua. Umenila mgongo.

Nilikuwa mzima mimi, mkorofi, napika mahamri, nachokoza majirani. Siku moja baada ya alasiri mtungi wa gesi wa jirani ukapasuka, puu! Moto ukaruka paa kwa paa, makuti yanalia kama mvua, ukaingia kwangu. Nikakimbia hata mlangoni. Nikajishika kitwa: nywele wazi! Na nje wamejaa wanaume. Basi nikatia komeo mlango, nikarudi ndani kufuata buibui. Akili gani ile?

Nikalivaa. Kuti likaniangukia linawaka. Buibui lenyewe nailoni, likayeyuka, likanishika mgongoni kama lami. Nikajisikia nanuka nyama ya kuchoma.

Mara mlango ukavunjwa kwa shoka. Akaingia mtu wa zimamoto, mtu wa bara, jina lake Mutua; kwao bibi huitwa shosho. "Shosho, toa hiyo nguo! Utachomeka!"

"Nivuliwe na mwanamume? Toka!" Nikamuuma mkono, damu yake ikanijaa mdomoni. Hakuniachia. Akalirarua lile buibui linawaka, ngozi yangu ikaenda nalo, akanibeba begani kama gunia la nazi.

Nje majirani wakanipaka dawa ya meno, mgongo mzima. Hospitali, daktari na kisauti chake chembamba: "Nani amempaka hii? Bi, itabidi tuikwangue." Wakakwangua. Nikamtukana hata babu yake. Wiki ya pili kidonda kikaoza, homa ikapanda, nikamsikia akimwambia mwanangu Fatuma, "Jiandaeni." Fatuma akaangua kilio. Nikafungua mato: "Tujiandae na nini, arusi?" Lakini niliogopa, wallahi. Niliogopa. Wakanitoa ngozi ya paja wakaibandika mgongoni. Mungu akapenda, ikashika.

Mutua akaja kunitazama. Anakohoa, anatema mate meusi. Nikamuuliza, "Mlichelewa wapi, baba?"

"Shosho, mkokoteni wa pampu unawekwa nyuma kabisa ya kituo chetu cha sasa, lazima tuzunguke. Na tukirudi, maji ya kuoga hakuna. Zile nguo za moto tunazitundika palepale tunalala."

Palepale! Mimi hata papa mkavu simuweki na nguo za Idi.

Basi mafundi, pampu ikae mbele, mlango utazame ndia. Na ndia zetu mwazijua, punda wawili hawapishani, kwa hivyo mkokoteni uwe mwembamba. Bafu liwe pa kuingilia, waoge kwanza. Nguo za moshi zipate chumba chao, mbali na vitanda, upepo upite. Na baraza muwajengee, mtu akitoka kubeba maiti apate wa kusema naye. Mutua aliniambia mara nyingine hafungui mdomo wiki nzima.

Nanyi kina mama mliokaa huko nyuma: moto ukiingia, toka ulivyo. Mungu ndiye aliyekuumba, nywele zako azijua. Na ukiungua, mwagia maji baridi, uende hospitali.

Alhamdulillahi, nimepona. Nawaomba mjenge hivyo, huyu aliyenitoa naye azeeke, mgongo umpinde, awachoshe watu kwa maneno kama mimi.