Ovaroli Iliyokosa Kugawiwa

Mimi sikusoma, na sioni aibu, kwa sababu waliosoma ndio ninaowavalisha. Wauguzi wa Kitale, watu wa maabara wa Bungoma, madaktari wa ng'ombe wanaozunguka mpaka Ndalu, wote wamesimama mbele yangu hapa dukani kwangu Tuwan na mikono juu kama waliokamatwa na polisi. Muuguzi anataka mfuko wa mkasi ubavuni na shingo isiyofunguka akiinamia mgonjwa. Daktari wa ng'ombe anataka mkono mfupi, maana mkono wake unaingia ndani ya ng'ombe hadi begani. Nawashonea vile kazi inavyotaka, si vile picha ya simu inavyoonyesha.

Sipimi kwa nambari. Kila mteja ana uzi wake. Nafunga fundo palipofika kifua, lingine palipofika kiuno, lingine mkono, halafu natundika uzi ukutani na kipande cha kitambaa chake. Mteja akifa, nachoma uzi. Na mtu akikonda sikati nguo yake. Nakunja ndani na kushona juu, maana mwili wa mtu hautulii.

Kulikuwa na daktari mmoja wa ng'ombe, mtu mnene, ovaroli ya kijani, na mbwa wa rangi ya udongo aliyemfuata nyuma daima, hasogei karibu, haachwi mbali. Siku moja akaja.

"Fundi, punguza kidogo kiunoni."

"Unanyimwa chakula?"

"Mama watoto ameficha ugali."

Tukacheka. Nikakunja, nikafunga fundo jipya kwenye uzi wake. Akarudi tena, maneno ni yale yale, tukacheka kidogo. Akarudi tena, na hakuna aliyecheka. Mafundo ya kiuno yalikuwa yanafuatana kwenye uzi kama siafu. Nilijua anaisha kabla ya mke wake kujua. Mara ya mwisho nilipunguza mpaka mabega, akaiacha nimalizie, na hakuja kuichukua.

Kwetu, mtu akizikwa, jamaa wananyolewa na nguo zake zinagawiwa. Mzee wa ukoo anakupa kwa mkono wake na kwa mdomo wake. Waligawa mashati, wakagawa viatu na hata kofia. Ovaroli ilikuwa kwangu, na hakuna aliyeikumbuka. Kwa hivyo haikupewa mtu.

Baada ya hapo mbwa akaja kukaa mlangoni pangu. Nilimfukuza kwa fagio, akasogea, akarudi. Ng'ombe waliopelekwa mnadani walikuwa wakifika hapo wanasimama, wananyoosha shingo kuelekea ndani, wanavuta hewa, na wenye ng'ombe wanawapiga hadi mikono inachoka. Ovaroli nilikuwa nimeifua kwa sabuni. Lakini asubuhi nikifungua duka, harufu ya dawa ya josho la ng'ombe ilinipokea kama mwenye nyumba. Mimi si mtu wa kuogopa nguo. Nikaigeuza iangalie ukuta, basi.

Ndipo binti wa yule daktari akaja, mchana, jua likiwaka.

"Mulembe, Kukhu," akanisalimu kwa lugha ya kwetu, akiniita nyanya. "Nimesikia ovaroli ya baba iko kwako."

Alikuwa amemaliza chuo, amepewa kazi ya mifugo kule kwao. Lakini akifika bomani wazee wanamwambia, ati msichana, kaa hapo, tunangoja daktari. Wakangoja mpaka ndama akafia tumboni, yeye amesimama nje ya ua na dawa mkononi.

"Nikivaa ya baba watajua nimetoka wapi," akasema. "Lakini baba mkubwa anataka ichomwe. Ati haikugawiwa, bado ni ya mwenyewe."

Nikampima. Nikafunga mafundo, nikatundika uzi wake kando ya ule wa baba yake. Kifua kwa kifua. Mkono kwa mkono. Na kiuno, lile fundo la mwisho kabisa la baba yake, lililala sawa na lake. Nikadhani nimekosea, nikampima tena.

"Mbona unanipima mara mbili?"

"Simama wima."

Akaijaribu. Ikamkaa kama niliyomshonea yeye.

"Si unaona! Hata hauna kazi, Kukhu!"

Alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa naangalia shingo yake.

"Unakula vizuri? Unakohoa?"

"Kukhu bana, umekuwa daktari?"

"Vua."

Akavua, amekasirika. Nikapigia baba mkubwa wake simu, nikamwambia nguo ya ndugu yako iko hapa, njoo useme neno lako. Alikuja na kofia yake, akasimama nje. Hakutaka kumruka mbwa.

"Choma," akasema. "Hiyo ndiyo ilimmaliza mdogo wangu."

"Mdogo wako alimalizwa na ugonjwa. Aliisha mbele yangu hapa. Wewe ulikuwa wapi?"

Akamgeukia binti.

"Hii ya kipimo cha mgonjwa sitampa mtoto," nikasema. "Lakini nikichoma, atasimama nje ya nyua za wazee wenzako mpaka afukuzwe kazi. Ngoja."

Nikachukua wembe, nikafungua mishono yote, kiuno, mbavu, mabega. Kitambaa kilichokuwa kimekunjwa kikatoka. Nje ovaroli ilikuwa imepauka kwa jua. Kile cha ndani kilikuwa kijani kabisa, kibichi, kama yule mtu mnene alikuwa amejificha humo muda wote. Baba mkubwa akavua kofia.

Nikamaliza, nikampa baba mkubwa. Akaishika kwa mikono miwili, akataja jina la ndugu yake, akamwekea binti mabegani.

"Chukua. Ni ya kazi. Ugonjwa abaki nao yeye."

Ikamning'inia. "Nakaa kama gunia," akasema binti.

"Utajaza."

Alipovuka barabara mbwa akainuka, akamfuata. Hakusogea karibu, hakuachwa mbali. Binti hakugeuka.

Mvua zilipoisha akarudi. Akanieleza vile mzee mmoja wa Ndalu aliona kijani kwa mbali akafungua lango kabla ya kuona uso, akamwita kwa jina la baba yake. Alicheka. Kisha akasema:

"Kukhu, punguza kidogo kiunoni."

Nikautoa uzi wake ukutani, nikamzungushia, na nikaogopa kuangalia. Uzi haukukutana pale penye fundo. Palibaki nafasi ya vidole, nyama yake mwenyewe iliyoongezeka, ya moto.

"Hakuna cha kupunguza," nikasema. "Endelea kujaza."

Alipotoka nikautoa uzi wa baba yake, ambao sikuwa nimethubutu kuugusa tangu azikwe, nikautia kwenye makaa ya pasi. Ulinuka dawa ya josho.

Hadi leo akija, hata kama ni kifungo tu kimetoka, napima kwanza.